Mpwa wa mume wangu anasema kompyuta yangu itazimwa Oktoba 2025

Shikamoo Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Masasi mkoani Mtwara, na huu ni mwaka wa tisa ninaendesha steshenari ndogo iliyo jirani na shule ya sekondari. Ninatoa fotokopi, ninachapa barua na mitihani ya walimu, ninaskani vyeti, na tangu katikati ya mwaka kazi kubwa imekuwa kuwajazia vijana waliomaliza kidato cha sita maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu. Yote hayo ninayafanya kwa kompyuta moja ya mezani niliyoinunua mwaka 2016 ikiwa imeshatumika, na ndani yake kuna Windows 10 ambayo fundi mmoja aliniwekea. Inachelewa kuwaka, lakini haijawahi kunilaza njaa.

Miezi michache iliyopita ilianza kunionyesha tangazo kwamba huduma za Windows 10 zitafikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Sikulitilia maanani mpaka mwezi Julai, tulipokutana kwenye sherehe ya kumtoa mtoto wa ndugu yetu jandoni. Mpwa wa mume wangu, ambaye ana duka la kompyuta Mtwara mjini, aliniambia mbele ya watu kwamba ikifika siku hiyo kompyuta zote za namna yangu zitazimwa kutoka huko Marekani, na kwamba nisipojiandaa nitafunga steshenari. Anayo kompyuta mpakato iliyotumika Ulaya, anasema kwangu itakuwa kama mpya, na ataniachia kwa shilingi 580,000, nikimtangulizia 300,000 kabla ya mwisho wa Septemba. Nayo ina Windows 10, ila ameniahidi kuiwekea Windows 11 baadaye, mambo yakishatulia. Anasema wengi wananunua sasa na bei itapanda.

Mwanangu wa kwanza yuko chuoni Dodoma. Nilipompigia simu alikuja juu. Anasema kununua sasa hivi kompyuta yenye Windows 10 ni kutupa fedha, na kwamba nisubiri ninunue mpya kabisa ya dukani yenye Windows 11, ambayo ameiona kwa shilingi 1,300,000. Mume wangu naye anasema tusubiri korosho. Minada huanza Oktoba, lakini msimu uliopita tulikaa wiki nyingi tukisubiri malipo yapite chama cha msingi hadi kufika benki, na sitaki kuahidi watu kwa fedha ambayo bado iko mtini. Kwenye kikoba chetu ninaweza kukopa 1,000,000 mwishoni mwa mwezi huu na kuirejesha kwa miezi mitatu pamoja na riba ya asilimia kumi.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni ndugu. Unajua huku kwetu mtoto wa dada ana uzito gani kwa mjomba wake. Mume wangu ndiye aliyemsomesha kijana huyo na anajivunia duka lake. Hakuniambia nunua wala usinunue. Aliniuliza tu, "Ukinunua kwa mwingine, dada yangu nitamwambia nini?" Tangu siku hiyo sijalirudia jambo hilo nyumbani. Ninaogopa kununua Septemba kitu ambacho Oktoba kitaitwa cha zamani, na ninaogopa pia kukaa kimya halafu siku ya tarehe 14 niwashe mashine isiwake, huku mezani pangu kuna vyeti vya watoto wa watu. Nishauri, Mshauri wangu.

Mama wa Steshenari, Masasi, 2025

*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara niliona kwamba mambo matatu yamefungwa katika fundo moja: kuna tarehe inayokutisha, kuna mashine ambayo hujaijua vizuri, na kuna mume unayempenda aliyekuuliza swali ambalo hukulijibu. Naomba tulifungue fundo hilo polepole, kwa sababu nadhani tarehe imepewa nguvu kubwa kuliko inavyostahili, na nguvu hiyo ndiyo inayokufanya uone kwamba mengine yote ni lazima yaamuliwe mwezi huu.

Nianze na hofu yako ya asubuhi ya tarehe 14 Oktoba. Hakuna mtu atakayeizima kompyuta yako kutoka Marekani wala kwingineko. Itawaka kama ilivyowaka jana yake, itachapa, itafungua tovuti za maombi. Kampuni ya Microsoft iliitoa Windows 10 tarehe 29 Julai 2015, na kinachofika mwisho baada ya miaka hiyo kumi ni ile kazi ya kutengeneza na kusambaza marekebisho ya usalama ambayo kompyuta yako imekuwa ikiyapokea kila mwezi, mara nyingi bila wewe kujua. Fikiria nyumba iliyoezekwa makuti. Siku unapoacha kubadilisha makuti nyumba haianguki, na unaweza kulala humo kiangazi chote bila shida, lakini kila tundu litakalotokea baada ya siku hiyo litabaki wazi, na masika hayana subira.

Kwa hiyo hatari ipo, ila inakuja taratibu. Mwezi Mei 2017 kilisambaa duniani kirusi kilichoitwa WannaCry, kikafunga mafaili ya watu na kudai fedha, na hospitali nyingi za umma nchini Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Marekebisho ya kuziba tundu alilopitia mdudu huyo yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka uleule kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuyaweka, na waliokuwa wakitumia mifumo ya zamani kama Windows XP, ambayo huduma zake zilikoma tarehe 8 Aprili 2014, walikuwa wameachwa na tundu wazi. Baada ya Oktoba kompyuta yako itaanza kuingia katika kundi hilo, mwezi baada ya mwezi.

Na hapa ndipo ninapoona kwamba biashara yako ina uzito wake wa pekee. Mtu anayetumia kompyuta peke yake nyumbani anaweza kujiambia kwamba hana cha kuibiwa. Wewe kwa siku moja unachomeka flashi za watu ambao hujui zimetoka wapi, unafungua akaunti za vijana kwa nywila walizokutajia kwa mdomo, na unahifadhi nakala za vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Uliposema una vyeti vya watoto wa watu mezani, nilijua kwamba umeshalielewa jambo hili kabla hujaniandikia. Ninakuomba tu hofu hiyo uihamishe kutoka kwenye kuwaka kwa mashine uipeleke kwenye usalama wa vilivyomo, maana hiyo ndiyo hofu yenye haki.

Sasa tuiangalie kompyuta mpakato ya mpwa. Umenieleza bei, umenieleza ilikotumika, lakini hukunitajia namba ya prosesa yake, yaani ile chipu iliyo kama ubongo wa kompyuta, na nashuku kwamba hata wewe hujaambiwa. Mwanangu, namba hiyo ni muhimu kuliko tarehe ya kununua. Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021 iliweka masharti ya vifaa: kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua gigabaiti 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyo katika orodha iliyokubaliwa na Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core orodha hiyo, ukiacha chache sana, inaanzia kizazi cha nane. Kizazi husomwa kwenye jina lenyewe. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha sita na haimo. Ukiona i5-8350U ni kizazi cha nane na imo, na i5-10310U, ambayo kwa kuwa ina tarakimu tano husomwa kwa mbili za kwanza, ni kizazi cha kumi, nayo imo. Kompyuta nyingi za maofisini zilizotumika nje na kuletwa huku zina sura moja, kava moja na hata herufi zilezile za i5, ilhali moja inavuka na nyingine imekwama ng'ambo.

Ikiwa ile ya mpwa ni ya kizazi cha nane au cha baadaye, na Windows 10 iliyomo ni halali, basi kuipandisha hadi Windows 11 ni bure, na hofu yako ya kununua Septemba kitu kitakachoitwa cha zamani Oktoba inayeyuka, kwa sababu mashine hiyo itakuwa ileile ukiinunua leo au Novemba. Ikiwa ni ya kizazi cha sita au cha saba, fundi hodari anaweza kuilazimisha ipokee Windows 11, na huenda ikaenda vizuri kwa muda, lakini Microsoft yenyewe imesema haiahidi kuzipa marekebisho kompyuta zisizotimiza masharti. Hapo utakuwa umetoa 580,000 ukahamia nyumba nyingine ambayo makuti yake nayo hayabadilishwi.

Ndiyo maana ahadi ya kuiweka baadaye, mambo yakishatulia, imenifanya nisite. Windows 11 ipo tangu mwaka 2021. Hakuna jambo linalosubiriwa litulie. Simtuhumu kijana, inawezekana kabisa anaamini anachokisema, na wauzaji wengi huwaambia wateja kile walichoambiwa na waliowauzia. Hata makampuni makubwa yamewahi kulikoroga jambo hilihili. Mwaka 2006, kabla Windows Vista haijaingia sokoni Januari 2007, kompyuta ziliuzwa Marekani zikiwa na kibandiko kilichosema zina uwezo wa kuendesha Vista, na baadhi ya wanunuzi wakagundua kwamba uwezo huo ulikuwa wa toleo la chini kabisa, lisilo na mengi ya yale waliyoyaona katika matangazo. Mwaka 2007 walikwenda mahakamani. Ninalitaja hilo ili uone kwamba kuuliza swali la kina kabla ya kulipa si dharau kwa muuzaji yeyote, awe ndugu au mgeni.

Mwanao naye ana hoja, na nimefurahi kwamba anakujali kiasi cha kukasirika. Hata hivyo hoja yake ina shimo. Kompyuta mpya kabisa ya bei ya chini mara nyingi huja na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ndogo ya kuhifadhi, vitu ambavyo vinatimiza masharti kwenye karatasi lakini kwa mtu anayefungua tovuti tano, faili la Word na skana kwa wakati mmoja vitamchosha ndani ya mwezi. Iliyotumika ya kizazi cha nane, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya kasi ya aina ya SSD, inaweza kuishinda kwa kasi. Kinachoipa nguvu ile mpya ni dhamana ya dukani na betri ambayo haijachoka, na kwa Masasi, ambako umeme unaweza kukatika mwanafunzi akiwa katikati ya fomu, betri nzima si jambo dogo. Muulize mwanao amekuonea ipi hasa, yenye kumbukumbu kiasi gani, kabla hamjalinganisha bei.

Kusubiri korosho nako kunawezekana kuliko ulivyodhani. Microsoft imeweka mpango wa kuendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu binafsi anaweza kujiunga kwa kulipa dola 30, au bila kulipa kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake mtandaoni kupitia akaunti ya Microsoft. Kompyuta inatakiwa iwe na toleo la 22H2, na hilo utalijua ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, ukaandika winver. Ninalazimika kukueleza mambo mawili ambayo huenda yasikupendeze. Njia hiyo ya bei nafuu imewekewa matumizi binafsi, na kwa kompyuta za biashara bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa mwaka wa kwanza, kwa hiyo soma masharti ukijua kwamba steshenari ni biashara. La pili, umesema Windows uliwekewa na fundi. Angalia kwenye mipangilio kama imeandikwa kwamba imeamilishwa (Activated), na ukumbuke kama ulipewa leseni yoyote, kwa sababu nyingi zilizowekwa mitaani hazina uhalali, na mwenye msingi wa namna hiyo asitegemee mpango wowote wa ziada.

Wapo pia wanaoiacha Windows kabisa katika mashine ya zamani na kuweka mfumo endeshi wa bure kama Ubuntu pamoja na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia inayoshika nafasi ya Word. Kwa kujaza fomu mtandaoni unatosha, lakini mitihani ya walimu iliyoandikwa kwa Word inaweza kupangika vingine ikifunguliwa humo, na hilo utaliona mwenyewe ukijaribu na mtihani wenye majedwali na michoro.

Kuhusu fedha, naomba nikuulize. Utakapokopa hiyo milioni moja ya kikoba, utairejesha kwa mapato ya steshenari au kwa korosho? Pamoja na riba ni 1,100,000, sawa na takribani 367,000 kila mwezi, nawe unaijua droo yako katika miezi ambayo vijana wameshamaliza maombi. Kama jibu ni korosho, basi utakuwa unazisubiri korosho zilezile, ila kwa kulipia riba, na malipo yakichelewa kama mwaka jana, utadaiwa na wanawake wenzako unaokutana nao kila wiki. Kama jibu ni steshenari, na daftari lako linaonyesha hivyo, mkopo una sura nyingine kabisa. Kumbuka tu kuweka akiba ya bando, maana kuipandisha Windows hula gigabaiti kadhaa.

Kuna kifaa ambacho hukukitaja, nacho ndicho kinachokulisha: printa yako. Windows 11 haina toleo la biti 32, lile lililotumiwa na kompyuta nyingi za zamani, na printa au skana ya miaka mingi ambayo programu yake ilitengenezwa kwa mifumo ya zamani inaweza isitambuliwe. Nimewahi kupokea barua ya mtu aliyepata kompyuta nzuri, kisha akalazimika kununua printa ambayo hakuipangia bajeti. Mashine yoyote utakayoiendea, ya mpwa au ya dukani, iunganishwe kwanza na printa yako na itoe karatasi ukiiona kwa macho.

Nimeliacha la mume wako mwisho kwa sababu ndilo lililonigusa. Aliuliza, "Dada yangu nitamwambia nini?" na wewe ukalisikia kama kizuizi. Je, inawezekana lilikuwa swali la kweli, la mtu aliye katikati ya mke na mtoto wa dada yake, anayetafuta maneno ya kusema? Kwa wengi wa huku kusini mpwa ni zaidi ya ndugu wa kawaida, na mjomba aliyemsomesha hawezi kulichukulia duka lile kama duka la mtu baki. Ukinunua kwingine kimyakimya, gharama yake itakuja kulipwa kwenye misiba na arusi kwa miaka. Ukinunua kwake kwa aibu tu, na mashine ikakwama, kila itakapokwama utamkumbuka, na mume wako ataona hilo usoni mwako.

Kati ya hayo mawili naona nafasi. Mumeo anaweza kumpigia simu mpwa wake yeye mwenyewe, wewe ukiwa kando, amuulize jina kamili la prosesa, amwombe aiweke Windows 11 sasa badala ya baadaye, na amwambie kwamba fedha, pamoja na ile 300,000, itatolewa siku mashine itakapochapa kwenye printa yako, kwa risiti na kwa muda mliokubaliana wa kuirudisha. Yakitoka kinywani mwa mjomba, maswali hayo yatasikika kama maelekezo ya mzazi kuliko mashaka ya mteja. Anaweza kukasirika, sitakuficha, hasa kama tayari amewaambia watu kwamba umekubali. Anaweza pia kukuletea nyingine iliyo bora kutoka dukani kwake. Na hata mashine ikitoka kwingine, ipo kazi ya kuhamisha mafaili yako ya miaka tisa, kuifuta ile ya zamani na kuitunza mpya, ambayo ina malipo yake na inaweza kubaki mikononi mwa kijana wenu.

Wiki hii, kabla hata hamjazungumza, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, na ufute nakala za vitambulisho vya wateja ambao kazi zao zimekwisha. Hilo halimsubiri mpwa, wala korosho, wala Oktoba. Kisha, utakapoipata ile namba ya baada ya kistari, niandikie tena, uniambie pia mume wako alisema nini ulipomjibu swali lake.